Habari inayotangulia moto
Somo la kusoma pamoja: wazimamoto wa kujitolea wa Victoria, Australia, na kambi zetu



Kila mwaka kiangazi kinapoingia huku Kivu, swali moja linarudi: tufanye nini ili moto usimalize kambi? Mnaoishi chini ya turubai hamhitaji kuelezwa. Mbabula inapinduka, mshumaa unaanguka, upepo unapita, na kabla mtu hajarudi kutoka kwenye bomba la maji na bidoni yake, vibanda vinne vimekwisha. Ndani yake zimeungua karatasi za shule za watoto, kadi ya chakula, na mbegu zilizokuwa zikingoja siku ya kurudi nyumbani.

Kisha linakuja jambo la pili, ambalo ndilo linatufanya sisi wa gazeti la amani tuandike habari za moto. Majivu hayajapoa, na watu wameanza kuulizana: «Nani amewasha?» Na jibu linatolewa upesi mno. Ni wale wa bloku ile. Ni wale waliofika juzi. Ni wale wa kabila fulani. Moto wa nusu saa unazaa uadui wa miaka.

Katika somo hili tunawaletea mfano kutoka mbali, jimbo la Victoria, kusini ya Australia. Najua kuna atakayesema: «Wale ni matajiri, wana malori, sisi tuna ndoo.» Ni kweli kabisa. Lakini tusitazame malori. Tutazame namna habari inavyotembea: inatoka wapi, inafika kwa nani, inasema nini, na mtu anafanya nini akiipata. Mambo hayo hayahitaji tajiri. Familia zisizo kambini, zile zinazolala mashuleni, makanisani au kwa wenyeji tangu kambi nyingi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, nazo zinaweza kulitumia. Na nchi hiyo si ngeni kwetu kabisa. Ziko familia nyingi za Kikongo zilizopokelewa katika miji ya Albury na Wodonga, na Wodonga iko ndani ya Victoria.

WATU GANI HAWA?

Victoria ni kubwa karibu mara nne kuliko Kivu ya Kaskazini. Misitu yake ni ya mikaratusi, mti ambao majani yake yana mafuta na maganda yake hushika moto na kurushwa na upepo kilomita nyingi mbele ya moto wenyewe. Tarehe 13 mwezi wa kwanza 1939 moto uliua watu 71 katika jimbo hilo. Mwaka 1944 moto mwingine mkubwa ukaja. Baada ya hayo serikali iliunganisha vikundi vya vijijini, na mwaka 1945 ukaanza utumishi unaoitwa CFA, yaani mamlaka ya moto ya mashambani.

Leo CFA ina watu wa kujitolea zaidi ya 50,000, katika vikundi kama 1,200. Hawalipwi mshahara. Ni wakulima, walimu, mafundi wa magari, wauguzi, wanafunzi, wastaafu. Si wote wanaoshika mpira wa maji. Wengi wanapika, wanaandika, wanapokea redio, wanafundisha majirani. Tangu 2020 wazimamoto wa kulipwa wa Victoria wako katika utumishi mwingine wa miji, na CFA imebaki kuwa ya watu wa kujitolea.

Mtu wa kujitolea hakai kituoni akingoja. Yuko shambani, yuko dukani, amelala. Kwa hiyo kazi yake nzima inategemea habari. Habari ikichelewa, lori linabaki limefungiwa. Habari ikiwa na makosa, lori linaenda bonde lisilo na moto. Ndiyo maana watu hawa wamejifunza kuishi na tahadhari za mtandaoni, na wamejifunza pia kutozitegemea peke yake.

HABARI YA KWANZA HUJA MOTO UKIWA HAUJAWAKA

Sisi tukisikia neno «tahadhari» tunafikiri kelele na mbio. Kwa wazimamoto wa Victoria tahadhari iliyo muhimu kuliko zote haina kelele. Ni utabiri wa hali ya hewa.

Kila siku ya kiangazi (kwao ni mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili) idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa hatari ya moto kwa siku hiyo na siku tatu zinazofuata. Tangu mwezi wa tisa 2022 nchi nzima inatumia ngazi nne. Ya kwanza ni hatari ya wastani: fanya mpango wako. Ya pili ni hatari kubwa: uwe tayari kutenda. Ya tatu ni hatari kali: tenda sasa. Ya nne ni ya maangamizi: toka katika maeneo ya misitu, kwa sababu moto ukiwaka hautazimika. Angalieni vizuri ngazi hizo. Kila moja imefungwa na tendo. Mtu haambiwi tu «kuna hatari», anaambiwa na la kufanya.

Mzimamoto anapoona kwenye simu yake kwamba keshokutwa ni siku ya ngazi ya tatu, anaanza leo. Anamuuliza mwajiri kama ataruhusiwa kutoka kazini. Anapanga nani atawachukua watoto shuleni. Anaangalia kwake mwenyewe: majani makavu yameondolewa kwenye paa? Mke au mume anajua waende wapi kama moto utakuja yeye akiwa kwingine? Hilo si jambo dogo. Mtu asiyejua familia yake iko wapi hawezi kuzima moto wa jirani kwa moyo mmoja.

Kwenye kikundi, katibu anahesabu watu. Vikundi vingi hutumia programu ya simu ambamo kila mtu anaweka alama: nipo, sipo, nitakuwepo baada ya saa kumi jioni. Kiongozi anatazama orodha na kuona mapema kwamba mchana wa kesho hana dereva. Anapiga simu kwa kikundi cha jirani: tunaweza kuungana? Lori linajazwa maji na mafuta, mashine inawashwa kwa majaribio, mipira inakunjwa vizuri, maji ya kunywa yanapakiwa. Siku ikiwa mbaya sana, baadhi yao huja kukaa kituoni tangu asubuhi.

Kuna pia tangazo la marufuku ya moto, ambalo mara nyingi hutolewa siku iliyotangulia. Siku hiyo hakuna kuwasha moto wowote nje. Na siku za kawaida, mkulima anayetaka kuchoma takataka za shamba anatakiwa kuarifu kwanza kituo cha simu: nachoma mahali fulani, saa fulani. Kwa nini? Kwa sababu jirani akiona moshi na kupiga simu, kituo kitajua kwamba moshi ule una mwenyewe. Bila hivyo watu 10 wangeacha kazi zao kukimbilia moto wa majani ya shambani. Na wakikimbizwa bure mara nne, mara ya tano watatoka polepole.

Hapo nilisimama niliposoma mara ya kwanza, maana nilikumbuka kambi moja nilikoishi miezi kadhaa. Filimbi ya hatari ilikuwa mikononi mwa kila kijana. Ililia kwa moto, ililia kwa mwizi, ililia gari la chakula lilipofika, na siku nyingine ililia kwa sababu timu imefunga goli. Usiku ambapo vibanda viliungua kweli, mimi mwenyewe niliisikia nikageuka upande wa pili nikalala.

INAPOLIA

Sasa tufuate wito mmoja. Mtu ameona moshi, anapiga namba 000, ambayo ni moja kwa nchi nzima. Anaulizwa: polisi, moto, au gari la wagonjwa? Kisha kituo cha jimbo kinamuuliza uko wapi, unaona nini, kuna watu ndani? Kompyuta ya kituo inaonyesha ni vikundi vipi vinapaswa kwenda kulingana na mahali na aina ya moto.

Ujumbe unafika kwenye peja, kifaa kidogo cha mkanda kinacholia na kuonyesha maneno machache. Maneno hayo hufuata utaratibu uleule siku zote: kikundi gani, moto wa aina gani, ni wa haraka au si wa haraka, barabara gani, karibu na njia panda gani, ukurasa upi wa ramani. Mzimamoto aliyeamka saa nane za usiku hana akili ya kufumbua barua ndefu. Anajua jicho lake liende wapi.

Ujumbe huohuo unaweza kuonekana katika simu, pamoja na ramani. Mtu anabonyeza: naja. Kiongozi anaona watatu wanakuja, mmoja ni dereva, basi tunatosha kutoka. Zamani alikuwa akisimama mlangoni pa kituo akingoja bila kujua kama atakuja mtu. Njiani, yule anayekaa kando ya dereva anatazama ramani: maji yako wapi, daraja lile linabeba lori, upepo unatoka wapi.

Mbali na wito wenyewe wana macho mengine. Kuna rada ya mvua na upepo. Kuna ramani ya VicEmergency, inayoonyesha mioto yote ya jimbo, na kila mtu, mzimamoto au raia, anaweza kuchora eneo lake akajulishwa kitu kikitokea ndani yake. Kuna picha za satelaiti zinazoonyesha sehemu zenye joto. Hizi za satelaiti zipo bure kwa dunia nzima, Kongo pia. Shirika la anga la Marekani, NASA, linazitoa kwa masaa machache baada ya satelaiti kupita. Ukifungua ramani hiyo katika mwezi wa saba utaona kusini ya nchi yetu, upande wa Katanga, imejaa alama nyekundu za nyasi na mashamba yanayochomwa. Lakini msidanganyike. Satelaiti hupita mara chache kwa siku, wingu huizuia, na kibanda kimoja kinachoungua haikioni. Kwa moto wa kambi, jicho la mama aliyeamka kunyonyesha linashinda satelaiti.

UJUMBE ULIOTUMWA SI UJUMBE ULIOFIKA

Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1998, karibu na mji mdogo wa Linton, wazimamoto walikuwa wakipambana na moto wa msituni. Huko Victoria siku za joto kali zina tabia moja: upepo wa moto hutoka kaskazini, kisha hugeuka ghafla na kutoka kusini-magharibi. Moto uliokuwa mwembamba na mrefu, ubavu wake unageuka kuwa uso. Upepo uligeuka jioni ile. Wazimamoto watano wa kujitolea wa kikundi cha Geelong West walikufa ndani ya lori lao.

Watu wanaotabiri hali ya hewa walijua kwamba upepo utageuka. Swali lililoulizwa baadaye na mahakama ya uchunguzi wa vifo, kwa muda mrefu na kwa uchungu, lilikuwa hili: habari hiyo iliwafikia walio ndani ya msitu?

Kutokana na Linton kanuni ziliwekwa. Hakuna anayepelekwa kwenye moto kabla ya kufundishwa na kupimwa. Kila lori linabakiza maji ya kuwalinda watu wake, hata moto ukiwa bado unawaka mbele yao. Na ujumbe wa hatari, kama ule wa kugeuka kwa upepo, hautupwi hewani tu. Kila kiongozi wa lori anapaswa kujibu kwa redio kwamba ameupata, na kuwaambia watu wake. Asiyejibu anatafutwa.

Viongozi, tukae kidogo hapa. Ni mara ngapi tunasema «tulitangaza»? Tulitangaza kwa megafoni, tuliandika katika kikundi cha WhatsApp, tulimwambia mzee wa bloku. Lakini bibi asiyesikia vizuri, mama aliyejifungua juzi, familia iliyofika jana na kusema lugha nyingine, walipata? Nani aliuliza?

JUMAMOSI YA 2009

Tarehe 7 mwezi wa pili 2009 joto mjini Melbourne lilifika digrii 46.4. Siku hiyo moto uliua watu 173 katika Victoria na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Watu 113 kati yao walikufa ndani ya nyumba.

Na hatari ilikuwa imetabiriwa! Siku zilizotangulia viongozi walisema hadharani kwamba siku hiyo itakuwa mbaya kuliko zote. Kilichokosekana ni habari ya saa ileile. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 2010 ilionyesha kwamba watu wa sehemu kama Kinglake na Strathewen hawakupata onyo kwa wakati. Simu nyingi zilizopigwa kwenye namba ya habari za moto hazikupokelewa. Wengi walikuwa wakingoja waambiwe, na waliona moto wenyewe kwanza.

Mengi yalibadilika. Kabla ya mwaka 2009 kwisha, ulianza kutumika mfumo wa kutuma ujumbe kwa simu zenye anwani katika eneo la hatari, bila mtu kuomba. Maonyo yakapangwa, na leo nchi nzima inatumia ya aina tatu kwa rangi tatu. Ya njano inasema: kuna tukio, fuatilia habari. Ya machungwa: hali inabadilika, anza kuchukua hatua za kujilinda. Nyekundu: uko hatarini, tenda sasa hivi. Wazimamoto wa kujitolea wenyewe wanasoma maonyo hayo, kwa sababu yanawaambia barabara ipi itajaa magari ya wanaokimbia.

Sisi nasi tunaujua msiba wa namna hiyo. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wengi wa Goma tulijua kwamba Nyiragongo imelipuka kwa kuona mbingu nyekundu, si kwa kuambiwa. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, ilikuja amri ya kuhama sehemu ya mji, na watu laki kadhaa wakashika njia ya Sake, Minova na Rwanda. Kati ya siku hizo mbili simu zetu zilikuwa zimejaa habari za kila namna. Mnakumbuka ni ngapi zilikuwa za kweli.

REZO IKIPOTEA

Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 moto uliunguza sehemu kubwa ya mashariki ya Victoria. Umeme ulikatika, minara ya simu ikazima. Yule aliyekuwa na programu nzuri katika simu yake alibaki na kioo cheusi. Waliosaidika ni wale wenye redio ya betri, maana redio ya taifa, ABC, ina kazi ya kusoma maonyo hewani nyakati za hatari.

Ndiyo sababu peja haikutupwa. Inatumia mawimbi yake yenyewe, si ya kampuni za simu. Na vituo vingine bado vina king'ora juu ya paa. Ukiwauliza kwa nini wana king'ora, peja na simu pamoja, jibu ni rahisi: hawajui ni kipi kitakufa kwanza.

Kwetu rezo hupotea hata bila moto. Simu haina chaji, yuniti zimekwisha, au katika familia ya watu tisa simu ni moja na baba ameondoka nayo kutafuta kazi. Kwa hiyo anayepanga tahadhari za kambi kwa WhatsApp peke yake amewapangia wenye simu.

UJUMBE HAUSEMI «NANI»

Turudi kwenye maneno ya peja: moto wa aina gani, wapi, nani aende. Hakuna mahali pa kuandika nani amewasha. Si kwamba hawajali. Baada ya moto wanakuja wachunguzi, kisha polisi, kisha mahakama. Kwa mioto ya 2009, tume iliona kwamba moto wa Kilmore East, ulioua watu 119, ulitokana na waya wa umeme uliokatika. Moto wa Churchill ulikuwa wa mkono wa mtu, na mtu huyo alihukumiwa na mahakama mwaka 2012. Ilichukua miaka mitatu kulisema hilo kwa haki.

Wao pia wana uvumi, tena mwingi. Katika mioto ya 2019 na 2020 ilisambazwa mtandaoni habari kwamba karibu yote imewashwa na watu kwa makusudi. Polisi wa Victoria walisema hawakuwa na ushahidi wa hilo kwa mioto ile mikubwa ya mashariki. Katika jimbo la jirani la New South Wales, moto wa Gospers Mountain, ulioenea zaidi ya hekta 500,000, ulianzishwa na radi.

Kwetu jambo hili ni la uhai. Nchi yao iliyo na mahakama na wachunguzi ilisumbuliwa na uvumi. Kambi yenye watu wa vijiji vilivyopigana jana itafanyaje? Kwa maoni yangu, ndugu, kanuni ya kwanza ambayo kamati ya moto inapaswa kuapa si ya maji wala ya mchanga. Ni hii: katika ujumbe wa hatari hakuna jina la mtu, wala la kabila, wala la bloku kama mshtakiwa. Bloku hutajwa kama mahali tu. Anayeona jambo la kushuku amwambie msimamizi pembeni, si hewani.

TUCHUKUE NINI?

Hatuna namba 000 inayojibu kila mahali, wala lori. Tusijidanganye. Lakini yapo ya kuchukua.

Nafasi kati ya vibanda ndiyo lori letu. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yanakifuata, kinashauri njia ya kuzuia moto ya mita 30 kwa kila mita 300 za makao, na angalau mita 2 kati ya kibanda na kibanda, ikiwezekana mara mbili ya urefu wa kibanda kwenda juu. Kambi nyingi haziko hivyo, tunajua. Watu wamejenga katika njia hiyo kwa sababu hawakuwa na pengine. Kiongozi akienda kuwaondoa kwa nguvu atazua vita. Akienda na kamati ya pande zote, akiwa amepata mahali pengine pa kuwaweka kabla ya kuwaambia waondoke, ataeleweka. Na shirika likija kuuliza mahitaji yenu, mtaje kipimo hicho. Mna haki ya kukidai. Kule Bangladesh, mwezi wa tatu 2021, moto katika kambi za Warohingya uliua watu zaidi ya 10 na kuacha maelfu bila makao kwa saa chache. Vibanda vilikuwa vimebanana, na uzio wa waya uliwazuia watu kutoka.

Filimbi iwe na lugha moja. Chagueni mlio wa moto na usitumiwe kwa kitu kingine chochote, hata goli. Awe nayo mtu wa kila bloku anayelala hapo, pamoja na msaidizi wake, na mmoja kati yao awe mwanamke, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye anayekuwepo mchana.

Ujumbe uwe na utaratibu: moto, bloku, karibu na nini, upepo unaenda wapi. «Moto, bloku ya nne, karibu na choo cha chini, upepo unaenda shuleni.» Basi. Uandikwe hivyo katika simu, usemwe hivyo kwa megafoni, ufundishwe hivyo kwa watoto. Na anayeupokea ajibu.

Asubuhi ya upepo mkali kamati ipite ikiwaambia watu: leo mapishi yamalizike kabla ya mchana, nje, mahali pamoja pa kulindwa, ndoo za mchanga ziwe karibu. Mtu akitaka kuchoma takataka aarifu. Hii ndiyo tahadhari ya bila kelele tuliyoisema mwanzoni, na haihitaji intaneti. Inahitaji mtu anayetazama majani ya migomba yanavyocheza na kukumbuka kupita.

Na jambo la mwisho, orodha. Kila juma kamati ijue: nani yupo, nani amekwenda shambani, wapi wako walemavu, wagonjwa na wazee, na nani amepewa kazi ya kumtoa kila mmoja. Orodha ya watu ni kitu cha kulindwa katika nchi yetu, kwa sababu tunazoziona wote. Isitundikwe ukutani wala isitumwe kwa simu. Iandikwe bila kabila wala kijiji cha asili, na ikae kwa watu wawili wanaoaminiwa na pande zote.

KWA KUJADILIANA

Someni somo hili kwa sauti katika kikundi cha watu wasiozidi 12, wanaume na wanawake, wa bloku mbalimbali. Kisha fanyeni jaribio hili kabla ya kuzungumza: kiongozi amnong'oneze mtu mmoja ujumbe wa moto wenye mambo manne, naye aupeleke kwa mwingine, hivyo hadi mwisho wa kambi. Pimeni ni dakika ngapi zimepita, na mtu wa mwisho aseme alichosikia.

1. Ni jambo gani kati ya yale manne lilipotea njiani? Kuna jambo lililoongezwa?

2. Filimbi, megafoni, simu, redio, kengele ya kanisa, ngoma: kipi kinafika kwa nani hapa kwetu, na nani hafikiwi na chochote?

3. Moto wa mwisho mnaoukumbuka, nani alishtakiwa siku ileile? Baadaye ilijulikana nini?

4. Kati ya wenyeji wanaotupokea, nani anaweza kuitwa usiku, na je, sisi tumewahi kumwambia kwamba akiungua yeye tutakuja?